Nyigu Aliyepiga Hodi

Kikao cha Tano cha Kamati Ndogo ya Kuchunguza Harufu Isiyo ya Kawaida katika Shamba la Kunde kilichelewa, kwa kuwa mwenyekiti, Mzee Jongoo, alikuwa bado njiani.

Nyigu alimngoja langoni, tumbo limejaa mayai. Alikuwa mdogo kuliko punje ya mtama, na kazi yake ilikuwa moja: kutaga ndani ya mayai ya kunguni mnuka, yule mdudu mwenye harufu mbaya anayefyonza kunde, ili wanawe wamle kunguni kabla hajazaliwa. Ila mayai hayo yakipita siku tatu, hayafai tena. Angeweza kuruka ua, lakini kwao alifunzwa kwamba mgeni hupiga hodi mpaka aitikiwe.

"Shikamoo, Mzee. Kunguni ametaga leo asubuhi. Niruhusu nipite."

"Marahaba, binti. Mgeni huchunguzwa kwanza, asije akatudhuru."

"Na kunguni je? Si mgeni yule? Nani alimpa kibali?"

Jongoo alipekua faili kwa miguu kumi. "Huyo hakuomba. Asiyeomba tutamkataliaje?"

"Mzee, mimi sina hata wiki ya kuishi."

"Basi tutaharakisha. Kesho niletee wadhamini wawili."

Aliwaleta. Siku ya nne Jongoo akatokea na karatasi yenye muhuri, uso umemchanua. "Karibu, mwanangu! Umepita bila kupingwa!"

Nyigu akaruka hadi chini ya majani. Kunguni wachanga walikuwa wameshaanguliwa, wanafyonza kunde changa. Alipapasa kila yai, moja baada ya jingine, na yote yalikuwa matupu.

Alikufa kesho yake, mayai yake yangali tumboni. Kunde za mwaka ule hazikuvunwa.