Maji Kwenye Filta

Lazhar alimimina masalio ya filta kuukuu ya gari lake kwenye sahani nyeupe, akaiinamia. Petroli ilielea juu. Chini yake yalijikusanya maji, mengi, yenye umanjano.

"Kutu," alijiambia, lakini hakujiamini. Petroli ya magendo ina mchanga, ina takataka, mara nyingine ina hata mbawa za nzi. Mji mzima uliitumia, na mji mzima ulibadilisha filta nyumbani, uani, kama watu wanavyobadilisha mashuka. Lakini maji kiasi hiki hayaingii kwenye tangi yenyewe. Kuna mkono ulioyatia.

Mara mbili kiangazi hiki gari lilimzimikia katikati ya uwanda wa chumvi, njia ya mpakani, mahali ambapo simu haishiki na kivuli pekee ni chako mwenyewe. Mwezi uliopita walimkuta mtu huko, amelala chini ya gari lake kama fundi. Alikuwa amekufa kwa kiu.

"Mama, umeiona faneli yangu?"

"Iko jikoni," alijibu Bi Mbarka kutoka kizingitini, akichambua chembe za ngano za kuskusi ya Ijumaa kwa vidole. "Nilikuwa namiminia mafuta ya zeituni."

"Mtu anataka kuniua, mama."

"Astaghfirullah! Nani akuue wewe, na dua zote hizi ninazokuombea? Si ulirudi salama?"

"Nilirudi kwa kuvutwa na kamba!"

"Lakini ulirudi." Akapuliza pumba mkononi. "Ungekuwa unakunywa kombe langu kama zamani, usingekuwa na hofu hizi."

Lazhar akaguna. Kila wiki mama huyu alipeleka bakuli kwa mwalimu wa madrasa, akaandikiwa aya, akaziosha kwa maji, na zamani alimkimbiza uani mpaka anywe.

"Mimi si mtoto, mama."

"Najua. Ndiyo maana sikulazimishi tena."

Akarudi kwenye sahani yake. Mara zote mbili aliyetokea na kamba alikuwa Mongi, mtoto wa ami yake, dereva wa njia hiyohiyo. Alijuaje pa kumtafuta? Na ni Mongi huyohuyo aliyesimama harusini mbele za watu akasema, "Binamu, hilo kopo lako litakuzika kwenye chumvi, na abiria wako nitawarithi mimi!" Watu walicheka. Lazhar naye alicheka.

Adhana ya Ijumaa ilipolia, alichelewa makusudi. Gari la Mongi lilikuwa nje ya msikiti, madirisha wazi kwa sababu ya joto, na imamu alikuwa ameshaanza kuhutubia. Njia nzima haikuwa na mtu. Lazhar alifungua kifuniko cha tangi la binamu yake. Hakuwa amekuja na maji, wala hakuyahitaji. Kwenye kiti cha mbele kulikuwa na dumu la maji ya kunywa, maji ya safari. Aliyamimina yote mpaka tone la mwisho, kisha akalisukuma dumu tupu nyuma ya kiti lisionekane.

Alijiambia kwamba si yeye aliyeanza. Akatawadha, akaingia, akasali bega kwa bega na Mongi.

Aliporudi nyumbani alijilaza chini ya gari. Akapachika filta mpya, mshale ukielekea injini, akakaza vibano. Alikuwa bado chini pale aliposikia honi mlangoni.

"Binamu! Hilo gari umelioa nini, mbona hutoki chini yake?" Alikuwa Mongi, kichwa nje ya dirisha, meno yote nje. "Mimi natangulia mpakani. Likikukatia pumzi tena usihangaike, kaa hapohapo. Mimi hupita polepole nikikutafuta kila kona, si unajua? Nimemwahidi Bi Mbarka."

Lazhar alifungua kinywa. Aliiona miguu ya mama yake ikielekea mlangoni, akamsikia akimwombea Mongi njia nyeupe.

"Safari njema," akasema, na vumbi la gari likamwingia machoni.

Akamaliza kazi. Akaunga betri, kisha akafunga kifuniko kipya cha tangi, chenye ufunguo, na ufunguo akautia mfukoni. Alikula kuskusi bila kuisikia ladha. Alasiri ilipita. Akalizungusha gari mjini kulijaribu, na injini iliimba bila kukohoa hata mara moja. Alirudi, akaliegesha mlangoni likinguruma, akaketi ndani akiitazama barabara ya kusini iendayo mpakani. Upepo wa moto ulikuwa umeanza. Mongi alipaswa kuwa amesharudi.

Alijaribu kumpigia. Simu haikushika.

Katika kioo cha pembeni akamwona mama yake akitoka jikoni. Alitembea kwa kunyata, kama mtu asiyetaka kumsumbua mwenye mawazo. Mkono mmoja ulishika bakuli lililojaa maji ya zafarani, mkono wa pili faneli. Akazunguka nyuma ya gari, akainama, akapapasa. Kitu kikagonga chuma, mara moja, mara mbili.

"Lazhar, mwanangu," akaita kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "mbona tangi umelifunga? Kombe lako la leo nitalitia wapi?"