Jina la Marehemu

Kwa miezi mitatu Rukaya alisimamia kazi ya kuingiza kompyuta katika duka la sanda la Mzee Shekuwe. Siku ya kuizindua, mteja wa kwanza alikuwa mwanamume aliyevaa kandambili zisizolingana.

"Jina la marehemu?" Rukaya aliuliza, vidole tayari.

"Hakuwahi kupewa, dada. Alizaliwa alfajiri, hakufika adhuhuri."

Mashine ilikataa kuendelea bila jina. Rukaya alijua itakataa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza iwe hivyo.

"Njoo unishikie upande huo, mwanangu," Mzee alimwambia, akikunjua jora.

Rukaya akainuka, akashika. Kitambaa kilichotakiwa kilikuwa kifupi mno, hata mikono yao ikakaribia kugusana juu ya mkasi.