Mlango wa Wafanyakazi

Sponji alichanganya masizi na grisi, akajipaka mikononi mpaka viwikoni, kisha akajitazama kwenye kioo na kuridhika. Ovaroli aliiazima kwa shemeji yake, fundi magari. Ilimbana tumboni.

"Baba watoto, unakwenda kuiba?" mkewe akamuuliza.

"Nakwenda kusoma."

Mkewe alicheka mpaka akashika mlango asianguke.

Kwa kawaida Sponji hakuwa mtu wa kuchafuka. Alikuwa mwenye karakana ya makochi, na jina hilo walimbandika mafundi wake: eti anafyonza kila kitu, na tone halitoki mpaka aminywe. Mwenyewe alidhani wanamsifia upole.

Wiki nzima roho yake haikutulia. Mafundi wake watatu, seremala wa fremu, mjaza sponji na mshonaji wa vitambaa, walikuwa na minong'ono. Akisogea, wananyamaza. Akigeuka, anadaka maneno: "kima cha chini", "saa za ziada", "mkataba". Tena wote watatu waliomba ruhusa asubuhi moja, asubuhi ileile ambayo ofisi ya kazi iliitisha mafunzo ya sheria za mishahara.

Faraja yake ilikuwa moja tu: kazini hawakulegea. Seremala alimuuliza mbao nzuri anazipata wapi. Mshonaji alitaka kujua kochi la watu watatu linapangiwaje bei. Watu wenye moyo wa kazi, Sponji akajisemea, ila kuna mtu anawatia maneno. Basi atangulie yeye kuyasikia hayo madai, ili wakija nayo wamkute na majibu.

Ukumbi wa mafunzo ulikuwa na vyumba viwili, kila kimoja na mlango wake. Wa kulia uliandikwa WAAJIRI, wa kushoto WAFANYAKAZI. Sponji aliingia kushoto, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, akaketi nyuma kabisa karibu na mama mmoja mpishi wa hoteli.

Afisa wa kazi alikuwa mwanamke mchangamfu. "Mshahara ukiwa chini ya kima cha chini ni kosa," alisema. "Hata kama ulikubali mwenyewe. Hata kama ulitia sahihi."

Sponji akashindwa kujizuia, akanyoosha mkono. "Je, bosi akisema chai ya saa nne ni sehemu ya mshahara?"

"Chai ni chai, mshahara ni mshahara."

"Na akisema fundi bado yuko kwenye majaribio?"

"Tangu lini?"

Sponji akafikiri. "Huu mwaka wa nne."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mpishi akampigapiga begani. "Pole, kaka yangu. Huyo wako ana mkono wa birika. Mimi ningeshamhama zamani."

"Uhamie wapi, mama?" Sponji akang'aka. "Kazi zenyewe ziko wapi?"

"Mnaona mtu anavyotishwa mpaka anamtetea anayemnyonya?" afisa akasema kwa uchungu. "Hebu mpigieni makofi ndugu yetu, amejitahidi kusema."

Wakampigia. Sponji naye akapiga.

Makofi yalipokwisha, alipitisha macho mstari kwa mstari. Seremala hayupo. Mjaza sponji hayupo. Mshonaji hayupo. Moyo ukarudi mahali pake. Kumbe walikuwa na shughuli zao tu, na hayo yote hawajayasikia! Akapanga kuwaongezea kidogo wiki ijayo, kwa hiari yake, kabla hawajajua kuwa ni haki yao. Wangemshukuru mpaka basi.

Alitoka akipiga mluzi.

Papo hapo mlango wa kulia nao ukafunguliwa. Wakatoka seremala, mjaza sponji na mshonaji, nguo zimepigwa pasi, viatu vinang'aa. Wakasimama ghafla. Walimtazama kuanzia kofia mpaka grisi ya viwikoni, kisha wakautazama mlango aliotokea.

Mshonaji ndiye aliyeanza kusema, tena kwa sauti ya huruma.

"Jamani bosi, kumbe umeshasikia tunafungua karakana yetu? Ungetuambia tu, sisi tusingekutupa. Nafasi moja bado ipo, ila itabidi uanzie kima cha chini."