Kidaka cha Perpetua

Perpetua alirudi kutoka harusini pwani na wazo lisilohitaji hela: kidaka, kile kishimo cha ukutani wanachopangia vyombo wenzetu wa huko. Aliazima patasi, akachimba asubuhi nzima, mpaka ukuta ukatoboka. Kwenye tundu la ukubwa wa ngumi likatokea jicho la Nuruana, jirani ambaye hawakuwa wamesalimiana naye tangu mwaka juzi.

"Unafanya nini?" Nuruana aliuliza.

"Napamba nyumba."

"Yako au yangu?"

Perpetua aliziba tundu kwa kikombe chake cha maua, akaenda kufua.

Aliporudi, kikombe kilikuwa kimejaa chai ya moto. Kando yake kulikuwa na nusu andazi, na ng'ambo ya ukuta mtu alikuwa akitafuna taratibu.