Kitambaa Chekundu Ukutani

Halmashauri ilipoamua ukuta wa soko upakwe rangi nyeupe, ilimwita Mahundi, kwa sababu mjini hapakuwa na fundi mwingine. Ndiye aliyeuchora ukuta huo miaka ishirini iliyopita. Ndiye pia aliyechonga mlango wa kanisa, akaandika vibao vya maduka yote, na majina kwenye misalaba ya makaburini.

Alipaka tangu asubuhi, na wachuuzi aliowachora wakatoweka mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa msichana muuza nyanya mwenye kitambaa chekundu kichwani. Huyo ni Mbonea, binti yake, aliyekufa kwa homa mwaka uleule wa mchoro. Hakuwahi kupigwa picha. Mahundi akamfunika yeye pia, macho yakiwa kwenye ndoo.

Rangi ilipokauka, wekundu wa kitambaa ukajitokeza.

"Mzee, pale bado panaonekana," alisema Bi Tumsifu, karani wa halmashauri. "Piga rangi mkono wa pili."

"Hautasaidia kitu. Ile niliichora kwa rangi ya mafuta, na hii yenu ni ya maji. Itajitokeza tu."

"Sasa tufanyeje?"

Angeweza kunyamaza. Lakini alikuwa fundi maisha yake yote, na swali lilikuwa la kazi.

"Ipigwe msasa kwanza," alisema.

Bi Tumsifu akaenda dukani, akarudi na karatasi ya msasa. Mahundi akaikunja, akaanzia kwenye pindo la kitambaa. Vumbi jekundu likamwangukia mikononi, naye hakulipangusa.