Kufuli kwa Nje

Kufuli lilikuwa nje, mwenye nyumba alikuwa ndani, na ufunguo ulikuwa njiani kwenda Kabuga.

Shami alipanga hivyo mwenyewe, kwa hiyo hana wa kumlaumu. Saa kumi na mbili asubuhi shoga yake Kabagwira alimfungia mlango kwa nje, akatia ufunguo kwenye mkoba na kuondoka haraka kabla barabara hazijafungwa. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mtaa. Kuanzia saa mbili mpaka saa tano Kigali nzima inashika majembe, na asiyeonekana anatafutwa. Mwezi uliopita Gakwaya, mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wao, alimkuta Shami amejificha jikoni, akamtoza faini. Jioni jina lake likatokea kwenye grupu la WhatsApp la majirani, watu wakacheka. Shami akajitoa kwenye grupu siku ile ile. Hasira zake ziko puani, huyu mama.

Lakini leo, wallahi, hakuwa na namna. Mvua zilipasua ukuta wa chumba cha nyuma, ukainama juu ya kitanda chake. Wakaguzi wa nyumba wakampa mpaka Jumatatu hii: ama ukuta ujengwe upya, ama ahame. Ahamie wapi? Nyumba hii ya Gikondo ndiyo pekee aliyoachiwa na mama yake.

Na mchana huu kulikuwa na posa Kabuga. Wenye shughuli walimwagiza peremende mia tatu za nazi. Malipo yake yangetosha nusu ya ukuta. Nusu nyingine angejua mbele ya safari.

Nazi mbichi hailali, kwa hiyo ilibidi azitengeneze asubuhi hii hii. Moto hakuthubutu kuwasha, moshi wa makaa ungemsema. Akafanya zile za bila moto: nazi iliyokunwa, maziwa mazito ya kopo, maziwa ya unga na iliki. Unakanda, unaviringisha kwenye kiganja, unagaragaza kwenye nazi, basi. Marehemu mama yake, aliyekesha na kashata zake jikoni, angeziita kashata za wavivu.

Alikaa juu ya mbuzi akakuna pole pole, na kila aliposikia hatua barabarani aliacha. Madirisha alikuwa ameyafunga, na hata angeyafungua, yana nondo. Chumba kikawa na joto na harufu ya iliki mpaka kichwa kikamuuma. Baya zaidi, choo kiko uani. Tangu saa moja alikuwa anakihitaji, na ile chai ya asubuhi aliijuta kweli kweli.

Alikuwa amefika peremende ya mia mbili na kitu mlango ulipogongwa.

"Shami! Mama, uko?"

Sauti ya Gakwaya. Shami akaganda, peremende mkononi.

"Kufuli iko kwa mlango," alisema Illuminée, jirani wa ukuta wa pili. "Nafikiri alitoka."

"Atoke leo aende wapi? Huyu ndiye ninamutaka kuliko watu wote. Mupigie simu."

Simu ilikuwa mezani, imezimwa. Hata hivyo Shami aliitazama kama inaweza kumsaliti.

"Haipatikani," alisema Illuminée.

"Watu iko sitini pale chini, wananingoja. Bila yeye hatuwezi kuanza."

Watu sitini! Shami alihisi uso unawaka. Kumbe faini haikutosha, sasa anataka kumwanika mbele ya mtaa mzima. Aliona aibu, akaona hasira, akamwita Gakwaya jina moja kimoyomoyo ambalo halifai kuandikwa hapa.

Wakagonga tena. Mtu akazunguka nyuma ya nyumba, akagusa ule ukuta uliopasuka, vumbi likadondoka kitandani. Shami akajibanza nyuma ya kabati na sinia lake, mapaja kayabana, akiomba Mungu asipige chafya. Walikaa pale muda mrefu, wakinong'onezana. Peremende aliyoishika ikamlainikia kiganjani.

"Sawa," alisema Gakwaya mwishowe. "Twende kwa Niyonzima."

Hatua zikashuka kilima. Shami akashusha pumzi. Maskini Niyonzima, kumbe naye ni mtoro, lakini afadhali akamatwe yeye. Akarudi kwenye bakuli, akamaliza mia tatu zake, akazipanga kwenye makasha safu kwa safu, nyeupe, nzuri, hakuna hata moja iliyopasuka. Kwa mara ya kwanza wiki ile alijisikia mtu mwenye akili.

Saa tano na nusu Kabagwira akafungua. Shami hakumsalimu, alipita mbio hadi chooni. Aliporudi alikuwa anacheka. Wakabeba makasha, wakashuka kuelekea gari lililoegeshwa chini.

Mbele ya nyumba ya Niyonzima watu walikuwa wananawa mikono, wengine wanakunywa maji. Gakwaya alikuwa katikati yao, saruji imemfika kwenye viwiko. Alipomwona Shami akamjia. Shami akawahi kusema kabla hajaulizwa.

"Mzee, unisamehe. Nililala Kabuga, ndiyo kwanza nafika."

Alingoja kufokewa. Gakwaya hakufoka. Alimtazama kwa huruma, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Pole sana, mama. Tulikungoja karibu saa nzima. Lakini nyumba ya mtu haiwezi kuvunjwa ukuta na mwenyewe hayuko. Basi matofali tuliyokuchangia tumemujengea Niyonzima."