Sinia la Bwanakheri

Tangu daktari amwambie apunguze wali na azidishe mboga, Bwanakheri hakuogopa njaa. Aliogopa sahani. Nyumbani kwao wote walikula sinia moja, na aliyetengewa sahani yake peke yake alikuwa mgonjwa wa kuagwa. Na wali wenyewe, basi, ulikuwa mlima: waliokaa upande huu hawakujua kama wa upande ule wamekwisha fika.

Mchana ule alikaa mkekani na kaka yake, Shekue, masikio yote jikoni. Sahani ikalia huko. Bwanakheri akafumba macho.

"Shemeji!" Shekue akaita. "Mgonjwa mletee majani yake, sisi tuletee chakula!"

Mwanaidi, mkewe Bwanakheri, akaingia na sinia moja, akalitua katikati. Kunde, mchicha, samaki wa kuchoma. Wali ulikuwa pembeni, kidogo tu, kama mgeni aliyepita kusalimia.

"Sasa mimi nimekosa nini?" Shekue akalalamika.

"Hujakosa kitu, shemeji. Akila peke yake, keshokutwa ataacha. Tukila sote hana pa kukimbilia. Haya, karibuni."

Bwanakheri alishusha pumzi hata pazia likapepea. Akanawa, akachota kunde. Zilikuwa na pilipili, zilikuwa na ndimu. Zilikuwa chakula, jamani.

Shekue alitafuna kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Kisha akageukia dirishani, kana kwamba kuna mtu anapita, na mkono wake ukaanza kutambaa polepole kuelekea samaki aliye mbele ya Bwanakheri.